Kompyuta Kuukuu na Riziki ya Mafundi Wetu

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia bure Windows 10, na kwa kuwa Windows 11, kwa masharti yake rasmi, haizikubali mashine zisizo na chipu ya usalama ya TPM 2.0 wala prosesa nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2017, kompyuta mpakato chungu nzima zilizo na afya njema zimehesabiwa kuwa zimekwisha muda wake, ilhali kioo, kibodi na prosesa zake zingeweza kutumika miaka mingine mingi.

Bidhaa hizo si ngeni kwetu. Aghalabu ni ThinkPad, Latitude na EliteBook zilizostaafishwa na maofisi ya Ulaya, ambazo Nairobi huitwa «ex-UK» na ambazo hujaa pia katika maduka ya Kariakoo. Fundi huifungua mashine, akaifuta vumbi, akabadili diski ya kuzunguka kwa SSD, akaongeza RAM kutoka GB 4 hadi 8, kisha akachomeka flashi yenye Lubuntu au Linux Mint ya Xfce, mifumo ya Linux ambayo ikikaa bila kazi hutosheka na kumbukumbu kidogo. Insafu yataka tuseme kwamba sehemu kubwa ya wepesi huo huletwa na SSD, na kwamba kivinjari chenye kurasa nyingi huilemea mashine dhaifu, mfumo uwe wowote.

Faida kubwa kwa mfanyabiashara ni kwamba mfumo wa Linux ni halali na hauna ada. Mazoea ya «kupiga window» kwa nakala iliyovunjwa kufuli yamewatia wanunuzi wengi katika virusi na upotevu wa kazi zao, nami nayaona kuwa ni khiyana kwa mteja aliyetoa fedha yake kwa amana. Wala maarifa haya ya programu huria hayakutufikia jana: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na ni masikitiko kwamba msingi ule haukujengewa soko.

Pingamizi lipo, nalo ni la kweli. Mhasibu ambaye programu yake huendeshwa na Windows peke yake hatafaidika, na hati za Word zikifunguliwa kwa programu huria ya LibreOffice mara nyingine hubadilika mpangilio. Bali mwanafunzi, karani na mwenye duka la kuchapa barua wana haja chache ambazo Linux haishindwi nazo.

Basi nawasihi wenye maduka wamweleze mnunuzi waziwazi mfumo uliomo na hali ya betri. Na wewe mnunuzi, kabla hujatoa fedha, mwombe fundi aiwashe mashine kwa flashi mbele yako, ujaribu Wi-Fi, sauti na printa.