Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi nilidhani methali hii inahusu vidonda vya mwili tu, hadi likizo ya Agosti nilipokwenda kumsaidia mjomba wangu katika kibanda chake cha kutengeneza kompyuta mjini Nakuru. Huko nilijionea kwamba hata kompyuta huweza kutibiwa, ikapona, ikarudishwa kwa mwenyewe, kisha baada ya siku chache ikaletwa tena na ugonjwa uleule. Katika makala haya ningependa kukueleza, mpenzi msomaji, kwa nini jambo hili hutokea, na fundi hufanya nini mteja yuleyule anaporudi mara ya pili na ya tatu akiwa amekunja uso.

Kwanza tuelewane. Kirusi cha kompyuta si mdudu, wala si vumbi linaloingia kwenye kibodi. Ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na binadamu, ila maagizo yenyewe ni ya hila. Kirusi hujinakili kimyakimya, na kikishaingia ndani ya mashine huweza kuharibu faili, kuiba maneno ya siri au kuifanya mashine itambae kama kobe. Jambo hili si geni. Mwaka wa 1986 ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistani, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitunga kirusi kilichoitwa Brain, nacho kikasafiri hadi nchi za mbali kikiwa ndani ya disketi. Mwezi wa Mei mwaka wa 2000 kilizuka kingine kutoka Ufilipino kilichokuja kwa barua pepe yenye maneno matamu ya mapenzi. Aliyefungua kiambatisho chake alijuta! Kwa hivyo, tangu zamani kirusi hupenda kubebwa na watu na kufunguliwa mlango na mwenye nyumba.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Siku yangu ya pili pale kibandani, aliingia mama mmoja mwenye duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi. Alikuwa ameikumbatia kompyuta yake kama mtoto mgonjwa. Hata salamu hakutoa.

"Fundi, hii ni mara ya tatu mwezi huu," alisema. "Nimekulipa elfu moja, nikakulipa elfu nyingine. Watu wananiambia ati nyinyi mafundi ndio mnaotia hivi virusi ili tuwe tukirudi!"

Mimi nilitazama chini kwa haya. Tuhuma hiyo si ndogo, kwani fundi akitenda hivyo makusudi atakuwa amevunja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka wa 2018. Hata hivyo, mjomba hakukasirika. Alimvutia kiti akasema, "Mama, keti kwanza. Hebu niambie, leo kumetokea nini?"

Mama akaeleza. Asubuhi hiyo kijana mmoja wa kidato cha nne alikuwa amekuja kuprinti mradi wake wa somo la kompyuta, ule unaotahiniwa katika KCSE. Flashi ilipochomekwa, folda zote zilionekana kama alama ndogo zenye kimshale. Msichana anayesaidia pale dukani akashtuka, akaifomati ile flashi ati aue virusi. Kazi ya miezi mingi ikatoweka hivi hivi. Kijana alilia mbele ya wateja, naye mama akaona jina la duka lake linazama.

Hapo ndipo nilipopata somo la kwanza. Kirusi cha aina hii hakifuti faili zako. Huzificha tu, kisha huweka mahali pake alama bandia yenye jina lilelile. Ukiibonyeza alama hiyo, kwanza unakiamsha kirusi, halafu folda yako inafunguka, nawe unadhani mambo ni shwari. Kumbe faili zipo! Fundi ajuaye kazi yake huzifichua kwa amri fupi tu. Kuifomati flashi hiyo ni sawa na kumzika mgonjwa ambaye bado anapumua. Bahati ni kwamba kufomati kwa haraka hufuta orodha ya yaliyomo, si yaliyomo yenyewe, mradi hakuna kitu kingine kilichoandikwa juu yake. Mjomba alitumia saa tatu, akaiokoa ile kazi. Haikuwa yote, lakini ilikuwa sehemu kubwa. Kijana alipopigiwa simu alikuja mbio, kamba za viatu zikiburura chini.

Lakini swali la mama lilibaki palepale. Mbona kompyuta hii imerudi mara tatu? Mjomba alinieleza kwamba mashine ikirudi, fundi huchunguza mambo manne.

Jambo la kwanza ni mizizi. Programu ya kinga huweza kukifuta kirusi kinachoonekana, ilhali kirusi hicho kimekwisha kujiandikisha katika orodha ya vitu vinavyoamka pamoja na kompyuta. Ukiizima na kuiwasha tena, kinachipuka. Ni kama kufyeka magugu kwa panga badala ya kuyang'oa. Ndiyo maana fundi akiona mashine imerudi, mara nyingi huhifadhi kazi za mteja, akaifuta diski yote na kuweka kila kitu upya.

Jambo la pili ni flashi. Mteja huleta kompyuta kwa fundi, lakini flashi zake huziacha nyumbani. Jioni anachomeka ile ya zamani na mchezo unaanza upya. Kirusi kiitwacho Conficker, kilichogunduliwa Novemba 2008, kilienea kwa mitandao na pia kwa flashi, kwa sababu Windows za wakati huo ziliweza kuendesha zenyewe kilichomo ndani ya flashi mara tu ilipochomekwa. Windows 7 ya mwaka wa 2009 iliikomesha tabia hiyo, na Februari 2011 Microsoft wakawapelekea marekebisho hayo wenye Windows za zamani. Siku hizi basi kirusi cha flashi huhitaji kidole chako, na hiyo ndiyo kazi ya zile alama bandia.

Jambo la tatu ni nyufa zisizozibwa. Hakuna programu isiyo na kasoro, na watengenezaji hutoa viraka kila mara. Sisi nasi huvizima viraka hivyo kwa kuhofia kumaliza bando. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mnamo Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizifunga faili za watu katika nchi nyingi na kuwadai dola 300 za Marekani kwa sarafu ya bitcoin. Hicho hakikungoja mtu abonyeze kitu. Hata hivyo, kiraka cha kuziba ufa kilioutumia kilikuwa kimetolewa mwezi wa Machi, miezi miwili kabla! Aidha, wenye Windows 10 wakumbuke kwamba muda wake wa kawaida wa kupewa viraka uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Jambo la nne ni mazoea ya mwenye mashine, hasa kupenda vya bure. Mtu huona programu ya kulipiwa ni ghali, akatafuta kraki. Kabla ya kuiweka, kraki humwambia aizime programu ya kinga, naye huizima! Umemfungulia mwizi mlango, ukamfunga mbwa, kisha unalalamika umeibiwa.

Basi mjomba aliishughulikia mashine ya mama hadi usiku. Alihifadhi kazi zake, akafuta diski yote, akaweka Windows upya. Asubuhi tuliikagua, ikawa safi kabisa. Mjomba akachomeka flashi yake ya vifaa ili aweke programu ya printa. Alipotoka kwenda kununua chai, mimi nikachomeka flashi yangu mpya, niliyoinunua jana yake na ambayo haikuwa na chochote, ili ninakili programu hiyo. Nilipoifungua nikaona alama moja yenye kimshale.

Moyo ulinidunda. Mashine ilikuwa haijaunganishwa na intaneti. Hakuna mteja aliyeigusa. Flashi yangu ilikuwa tupu. Kitu kimoja tu kilikuwa kimeingia mle ndani, nacho ni flashi ya mjomba.

Je, msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Utamwambiaje mjomba wako, fundi wa miaka mingi, kwamba yeye mwenyewe ndiye anayeeneza ugonjwa? Nilinyamaza hadi chai yangu ikapoa. Mwishowe nikasema, "Mjomba, naomba uiangalie flashi yangu." Akaiangalia. Kisha akaichukua yake, akaichomeka kwenye mashine nyingine, akaitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu," alisema hatimaye.

Mambo yalikuwa hivi. Programu ya kinga ilikuwa na mazoea ya kumfutia baadhi ya vifaa vyake vya kazi. Mjomba akachoka, akaiamuru isiwe ikiigusa flashi yake. Tangu siku hiyo flashi ile ilikuwa ikiingia katika mashine mgonjwa, inaokota kirusi, kisha inakipeleka katika mashine nzima, na hakuna aliyeikagua. Mama hakuwa amesema kweli tupu, kwa kuwa mjomba hakukusudia, lakini hakuwa amesema uongo pia.

Nilikumbuka habari tuliyowahi kusoma ya daktari Ignaz Semmelweis wa hospitali moja mjini Vienna. Mwaka wa 1847 aligundua kwamba akina mama wazazi walikuwa wakifa kwa homa kwa sababu madaktari walitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwazalisha. Alipowaamuru wanawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini, vifo vilipungua sana. Flashi ya fundi ni mkono wa daktari. Isiponawishwa, tiba yenyewe hugeuka maradhi.

Mjomba angeweza kunyamaza. Mimi na yeye tu ndio tuliojua. Badala yake alimpigia mama simu, akamweleza ukweli wote na kumrudishia shilingi 2,000. Kisha akafungua daftari lake na kuwapigia wateja wote wa mwezi ule, mmoja baada ya mwingine, awaombe radhi na kuwaambia walete mashine zikaguliwe bure. Wawili walimgombeza vikali. Mmoja hajarudi hadi leo. Naye mama wa fotokopi alinyamaza kidogo upande wa pili wa simu, kisha akasema, "Haya basi, fundi. Nitakuja na zile flashi zote za dukani pia." Alizileta tisa. Tano zilikuwa na kirusi.

Tangu siku hiyo mjomba amebadilisha utaratibu. Vifaa vyake huviweka kwenye flashi yenye swichi ya kuzuia kuandikwa, ili mashine mgonjwa isiweze kuiachia kitu. Kila mteja huambiwa alete na flashi zake. Tena humuuliza maswali kwa upole: nani mwingine huitumia mashine hii? Uliweka programu gani juzi? Uliitoa wapi? Hamcheki wala hamkaripii, kwa kuwa mteja aliyeaibishwa atadanganya, na mficha maradhi kifo humfichua. Mwishoni humpa karatasi iliyoandikwa mambo yaliyofanywa na mambo anayopaswa kuyaacha. Mashine ikirudi ndani ya wiki mbili, huiangalia bila malipo. Ikirudi baada ya hapo, huketi na mteja amwonyeshe jinsi anavyofanya kazi zake za siku nzima, kwa sababu wakati huo kinachohitaji kutazamwa si mashine tena bali ni mazoea.

Sisi wanafunzi nasi tuna la kujifunza. Flashi zetu hutoka saiba zikaingia maabara ya kompyuta, zikatoka maabara zikaenda nyumbani. Kwa hivyo nawasihi wenzangu tuzingatie haya:

1. Tusihifadhi kazi muhimu mahali pamoja tu. Mradi wa mtihani uwe na nakala mbili au tatu, na moja isiwe kwenye flashi.
2. Tukiona folda zimegeuka alama zenye vimshale, tusizibonyeze wala tusifomati. Tumwite mwalimu au fundi.
3. Tuikague flashi kwa programu ya kinga kabla ya kuifungua, hata ikiwa ni ya rafiki wa kufa kuzikana.
4. Tusiweke programu mbili za kinga kwa pamoja, maana huweza kugombana zenyewe na mashine ikazidi kulemaa.
5. Tukiulizwa na fundi, tuseme ukweli.

Nami naongeza la sita, ambalo halikuwa katika karatasi ya mjomba. Tukigundua kwamba sisi ndio tulioleta kirusi, tuseme mapema. Najua si rahisi. Nilimwona mtu mzima, mwenye mvi kichwani, mkono ukimtetemeka kabla ya kubonyeza namba ya mteja wa kwanza. Lakini aliibonyeza, na kibanda chake bado kiko wazi.

Kalamu yangu naiweka chini hapo. Kwa sasa, nenda ukaikague flashi iliyo mfukoni mwako.