Aangukaye Huhesabiwa Mpaka Kumi

Wazazi wa Msangano, vijana wetu warudipo kutoka Tunduma hutuonyesha katika simu hadithi za picha za Kijapani, ziitwazo manga. Mara nyingi ndani yake yumo msichana mdogo apiganaye na wenye nguvu kumpita. Huanguka, akainuka tena. Sisi wakubwa huona hayo ni ya kubuni tu. Lakini jirani zetu wa Kenya wanaye msichana wa namna hiyo, naye si wa kuchorwa.

Jina lake Christine Ongare wa Nairobi, aliyezaliwa mwaka 1993. Alipata mtoto akiwa na umri wa miaka 12 tu. Vijijini msichana kama huyo huhesabiwa kuwa amekwisha: hufichwa jikoni, husengenywa kisimani, na madaftari yake huwashiwa moto. Christine alimlea mwanawe, kisha akaingia katika mchezo wa ngumi.

Mchezo huo si ugomvi wa kilabuni. Wapiganaji hupimwa uzito ili mwepesi asionewe na mzito. Kupiga chini ya mkanda ni kosa. Aangukaye huhesabiwa mpaka kumi. Akisimama mapema, huruhusiwa kuendelea. Asiyeweza kutawala hasira yake hafiki mbali.

Mwaka 2018, huko Gold Coast, Australia, Christine alipata medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kabla yake hakuna mwanamke wa Kenya aliyepata medali ya ngumi katika michezo hiyo. Mwaka 2021 akapanda ulingoni katika Olimpiki ya Tokyo, katika nchi ile ile ya manga. Alishindwa na Irish Magno wa Ufilipino katika pambano la kwanza. Lakini alikuwa amefika.

Je, binti zetu? Novemba 2021 Serikali ya Tanzania iliwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Mlango u wazi. Aufungaye sasa ni nani, kama si sisi wenyewe nyumbani, kwa aibu na maneno ya majirani? Tena mara nyingi mtoto huyo hakuanguka, bali aliangushwa na mtu mzima.

Basi, baba, mama, msifanye haraka kuhesabu kumi. Mpokeeni mjukuu mkononi, ili mama yake apate kushika daftari.