Filamu ya msituni na watu waliosahaulika

Mwaka 1913 Meg Gehrts, binti wa Hamburg mwenye umri wa miaka 20 na ushei, alipanda meli kwenda Togo, wakati huo koloni la Ujerumani. Alikwenda kuigiza filamu.

Aliyemchukua ni Hans Schomburgk, mwindaji aliyepata jina kwa kukamata viboko wadogo wakiwa hai nchini Liberia. Mpiga picha alikuwa Mwingereza.

Safari haikuwa lelemama. Reli iliishia njiani. Kutoka hapo walipanda farasi, huku wapagazi wakijitwika kamera, mikanda, mahema na vyakula. Malaria ilikuwa tishio la kila siku, na kinga kubwa wakati huo ilikuwa kwinini na chandarua.

Katika filamu yao maarufu, ‘Die weiße Göttin der Wangora’, mtoto wa Kizungu analelewa na Waafrika. Anapokua wanamwabudu kama mungu, hadi anapotoroka na mwanamume Mzungu. Wenyeji waliigiza wanakijiji, lakini simulizi yote ilimzunguka Gehrts.

Yalikuwa mambo ya kubuni, yaliyomfundisha mtazamaji wa Ulaya kwamba Mwafrika huona ngozi nyeupe akapiga magoti.

Lakini kamera hiyohiyo ilinasa jambo la kweli. Huko Banjeli, kaskazini mwa Togo, ilirekodi mafundi wakiyeyusha chuma kwa tanuri za udongo, ujuzi waliorithi kwa wazee wao. Gehrts naye, katika kitabu alichochapisha London mwaka 1915, aliandika kuhusu maisha ya wanawake na watoto aliowaona vijijini. Agosti 1914 vita vilizuka, na mwezi huohuo Togo ikatoka mikononi mwa Wajerumani.

Zaidi ya karne imepita. Hadithi ya mungu wa Kizungu haina la kumfundisha mtu leo, ila picha za wale mafundi bado zina thamani.

Kwa mzazi, hapa kuna funzo. Filamu za msituni zingali zinaonyeshwa sebuleni, na mtoto huamini anachokiona. Usikimbilie kuzima televisheni. Keti naye, kisha muulize: nani ana jina katika hadithi hii? Nani anabeba mizigo tu? Na watu hao wangesimulia wenyewe, wangesema nini?

Majibu yake yanaweza kukushangaza.