Dungusi na Wale Wanaofanana Nayo

Mgeni apitapo katika mbuga ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda, huiona miti mirefu ya kijani isiyo na majani, ambayo matawi yake yameinuka juu mithili ya kinara cha mishumaa. Aghalabu huwaambia wenziwe kwamba hajapata kuona dungusi kubwa kama zile. Lakini miti ile si dungusi. Ni yuforbia, mzaliwa wa Afrika, wa ukoo mmoja na muhogo na mbono. Dungusi, ambayo wengine huiita kakati, asili yake ni bara la Amerika, toka Kanada mpaka kusini kabisa mwa Ajentina, na aina zake zilizokwisha kutambuliwa na wataalamu zapita 1,500.

Kufanana huko kumeletwa na ukame. Mimea ya koo mbili zilizo mbali, kila mmoja katika bara lake, ilipambana na jua lile lile na uhaba ule ule wa maji. Yote ikaacha majani, ikanenepesha mashina ili yawe ghala la maji, ikajivika miiba. Ni kama nyangumi na samaki: umbo moja, nasaba mbalimbali.

Je, yampasa nini mtu wa kawaida kujishughulisha na nasaba za mimea? Yampasa, hasa katika nyumba za kambini na za polisi, ambako maua hupandwa katika makopo barazani, na watoto huchezea papo hapo. Yuforbia ina utomvu mweupe kama maziwa, nao ni mkali. Ukigusa ngozi huweza kuiwasha na kuivimbisha. Ukiingia jichoni huleta maumivu makubwa, na mtu aweza kupotewa na uwezo wa kuona kwa siku kadhaa au hata kudhurika zaidi. Mnyaa, ambao wengi hufanya ua wa nyumba, ni yuforbia vile vile, ingawa hauna miiba. Ikitokea ajali ya namna hiyo, jicho lisifikichwe. Lioshwe mara moja kwa maji safi mengi, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha aliyeumia apelekwe hospitali bila ya kungojea kesho.

Kwa hiyo kabla ya kuukata mmea wowote, kwanza utazamwe vizuri. Alama ya dungusi ni kitakia kidogo chenye manyoya, ambacho wataalamu hukiita areoli. Miiba yote ya dungusi huchipuka katika vitakia hivyo, mara nyingi kwa mafungu, na maua huchomoza papo hapo. Miti ya yuforbia kama ile ya mbugani haina vitakia. Miiba yake hukaa miwili miwili, kama pembe za ng'ombe, juu ya kingo za shina. Utomvu nao ni ushahidi, maana dungusi nyingi hutoa maji maangavu, ila zipo chache zenye maziwa. Basi kitakia ndicho cha kuaminiwa zaidi.

Lipo jambo moja la kuchekesha katika habari hii. Dungusi moja tu ndiyo iliyofika Afrika bila ya kuletwa na mwanadamu, nayo huonekana katika misitu ya Uganda, Kenya na Tanzania. Jina lake la kitaalamu ni Rhipsalis baccifera. Huning'inia katika matawi ya miti mikubwa kama kamba nyembamba za kijani, huzaa vitunda vyeupe vyenye kunata, na ikomaapo haina miiba ya kumchoma mtu! Hivyo mwenye miiba mbugani si dungusi, na dungusi ya msituni haina miiba.

Atakaye kuanza kazi hii ya kupendeza hahitaji fedha nyingi. Kopo lililotobolewa matundu chini latosha. Achanganye udongo wa bustani na mchanga wa mto au changarawe ndogo, nusu kwa nusu, ili maji yasituame. Kipande cha dungusi kikisha kukatwa kisipandwe siku ile ile, bali kiwekwe kivulini kwa muda wa wiki moja mpaka kidonda kikauke. Wengi hulipuuza jambo hili, kisha hustaajabu kuona mche umeoza. Katika kuushika, gazeti lililokunjwa mara nne hufaa kuliko glavu (msomaji alimalize kwanza).

Baada ya hapo adui mkubwa ni maji. Mmea humwagiliwa udongo ukisha kukauka kabisa, wala hauwekwi sahani ya maji chini yake. Majira ya mvua makopo yasogezwe chini ya upenu. Miche michanga nayo izoeshwe jua kidogo kidogo, kwa kuwa jua kali la mchana huibabua.

Aina moja haifai kabisa kutupwa ovyo, nayo ni mpungate. Matunda yake huliwa, lakini kipande chake kimoja kikianguka chini huota. Huko Laikipia, Kenya, mipungate imevamia malisho ya mifugo, na miiba yake huumiza vinywa vya mbuzi na ng'ombe walao matunda hayo. Nchini Australia, katika miaka ya 1920, ilikuwa imeenea katika mamilioni ya hekta, hata ikabidi kuletwa nondo kutoka Ajentina, ambao viwavi wao waliila na kuiangamiza. Mabaki ya mpungate, basi, yakaushwe na kuchomwa moto.

Askari apatapo uhamisho, mawaridi na mboga hubaki kwa jirani. Dungusi hung'olewa, hukung'utwa udongo, hufungwa gazetini na kutiwa katika sanduku pamoja na vyombo. Itakaa humo wiki mbili au tatu bila ya maji, na ifikapo kituo kipya itaachwa siku chache zaidi, hadi mizizi iliyokatika ipone, ndipo ipandwe.