Moto wa Jikoni Hauondoi Sumukuvu

Mwaka ukianza tu, swali linarudi: "Mtaalamu, mahindi ya sadaka yameshika ukungu kidogo. Tukiyaosha, tukayaanika na kuyapika sana, si yatawafaa wajane?" Hayatawafaa. Nimelijibu swali hili sokoni, nimelijibu kwenye viwanja vya makanisa, nimelijibu kwa simu usiku. Leo naandika jibu lake, ili anayetaka kuniuliza tena asome kwanza.

Wanaouliza ni watu wema. Ni kamati za huduma za makanisa ya Kibaigwa, hapa wilayani Kongwa, hasa wale wanaojitolea kwa mara ya kwanza. Mkesha umepita, viongozi wapya wamesimikwa, ratiba ya ibada ya mwaka imebandikwa mlangoni, na kazi ya kwanza wanayokabidhiwa ni kufungua ghala na kugawa mahindi yaliyotolewa kwenye Sikukuu ya Mavuno. Wakati wenyewe ni mwafaka kabisa. Huku kwetu mvua huanza Desemba na mavuno hayaonekani hadi Mei au Juni, kwa hiyo Januari na Februari ndiyo miezi ambayo mama mjane anakung'uta gunia tupu huku ana shamba la kupalilia. Kanisa linalomkumbuka miezi hiyo linafanya kazi ya maana kuliko linalomkumbuka wakati wa mavuno.

Ila hiyo Januari ndiyo inayowakuta wajitoleaji na mahindi yaliyokaa ghalani miezi sita, magunia yamelazwa sakafuni, ubavu mmoja umegusa ukuta, na bati lina tundu ambalo hakuna aliyeliona mpaka mvua ziliponyesha. Fungua gunia la chini usikie harufu.

Sasa tuje kwenye imani yenyewe, kwamba moto unamaliza kila kitu. Inaaminiwa na wasomi na wasiosoma, na inaua. Ukungu ni kiumbe hai, na moto kweli unauua. Sumukuvu ni kemikali ambayo ukungu huo umekwisha kuiacha ndani ya punje. Ukimuua nyoka aliyekwisha kukuuma, sumu iliyo mwilini mwako haifi pamoja naye. Sumu hii haianzi kuvunjika ipasavyo mpaka joto lipite nyuzi 230 hivi. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, na hapa kwetu kwenye uwanda wa juu yanachemka hata kabla ya kufika hapo. Ugali ukiusonga saa nzima, ndani yake joto halivuki kiwango cha maji yanayochemka. Makande ukiyachemsha tangu asubuhi hadi jioni, ni hivyo hivyo. Ili umalize sumu kwa moto ingekubidi uyakaange mahindi mpaka yawe mkaa, na mkaa hakuna anayeula.

Asiyeamini hesabu ya joto aangalie yaliyotokea. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na maeneo jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walikufa. Hawakuyatafuna mabichi. Waliyapika kama yanavyopikwa kila siku katika nyumba zao. Mwaka 2016 maafa yakaja kwetu, mikoa ya Dodoma na Manyara, Chemba na Kondoa zikiwemo. Watu wapatao 20 walikufa, wengi wakiwa watoto. Nao walikula chakula kilichopikwa. Mtu akiniambia leo kwamba bibi yake alikuwa akiyachemsha na hakuna aliyekufa, namheshimu bibi yake, lakini Kondoa na Chemba wana makaburi.

Zilizobaki ni dawa za mitaani, na zote nimezisikia. Kuosha kunaondoa vumbi la ukungu juu ya punje na kuifanya ipendeze machoni, huku sumu iliyozama ndani ikibaki. Na mahindi yaliyoloweshwa yasipokaushwa haraka, ukungu unaanza upya. Jua linazuia ukungu wa kesho, haliifuti sumu ya jana. Magadi yakitumika pamoja na kukoboa hupunguza kiasi, lakini "kupunguza" haina maana ya "kuondoa", na hakuna jiko la kanisa lenye kipimo cha kujua kilichobaki ni kiasi gani. Dawa ya kuhifadhia mahindi ni ya dumuzi na wadudu wengine, haina habari na sumukuvu. Kuchanganya gunia moja bovu na magunia tisa mazima ndiko kunakoniudhi kuliko yote, maana mlikuwa na gunia moja la kutupa na sasa mna kumi ya kushuku. Na anayesema basi tuwape kuku, ajue kwamba sumu hii iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Sisi wa Kongwa, ambao ardhi yetu iligeuzwa makao ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza mwaka 1947, tusisahau kwamba karanga nazo zinashikwa na sumu hii sawa na mahindi. Karanga za sadaka zinahitaji macho yale yale.

"Lakini tumeyaombea." Nami huombea chakula changu. Ila Nabii Malaki aliwakemea makuhani waliopeleka madhabahuni wanyama vipofu na vilema, na sijasoma popote kwamba maombi yaliwaponya wale wanyama ili makuhani waendelee.

Chini ya maswali yote haya kuna wazo moja ambalo wengi wanaona aibu kulitamka: maskini hachagui, bora hicho kuliko njaa. Hapo ndipo kosa kubwa lilipo. Aliyetoa gunia hilo anakula mahindi yake, wali siku ya sherehe, mtama, nyama akipata. Mjane aliyepewa debe mbili anakula debe mbili hizo hizo, asubuhi uji, jioni ugali, wiki baada ya wiki, na wajukuu wanne wanakula naye. Kama mahindi hayo yana sumu, inawaingia yote. Mtoto mwenye kilo kumi na mbili anaimeza kwenye mwili mdogo. Mwenye homa ya ini aina ya B akila sumu hii kwa muda mrefu, hatari yake ya kupata saratani ya ini inaweza kuzidi ya mwingine hata mara 30. Watu tunaowahudumia ndio wasioweza kabisa kuibeba. Kwa hiyo mahindi ya sadaka yanatakiwa kuwa safi kuliko ya mezani kwenu, wala si kinyume chake.

Kiwango kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya mahindi. Kwa lugha ya soko letu, ni gramu 1 ndani ya magunia 1,000 ya kilo mia mia. Sumu hii haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ukungu unaouona ni onyo, na kutouona si hati ya usafi, kwa sababu sumu huanza shambani, pale mahindi yanaponyimwa mvua wakati wa kubeba na wadudu wakayatoboa.

Basi fanyeni hivi. Siku ya kupokea mavuno, choma kila gunia kwa bambo juu, katikati na chini, mimina, tazama, nusa. Pima unyevu: usizidi asilimia 13.5, kama hamna kipima unyevu, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, acha robo saa, na chumvi ikigandia kwenye chupa mahindi yarudi juani, juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na bati lizibwe kabla ya Novemba. Mifuko ya PICS ni mizuri kwa mahindi makavu tu. Kabla ya kugawa, chagueni kwa mkono: ondoeni punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, vijana wa kwaya wataimaliza kazi hiyo kwa asubuhi moja. Koboeni, gaweni sembe badala ya dona, maana sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Na pumba za mahindi mnayoyashuku zisipewe ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hupita hadi kwenye maziwa. Kuhusu vipimo vya maabara, muulizeni afisa ugani wa kata, na ulizeni pia Mtanana, hapa hapa wilayani Kongwa, ambako Serikali imejenga kituo cha nafaka chini ya mradi wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC. Gunia lenye ukungu lichomwe au lifukiwe, lisiuzwe. Pengo lake lizibwe kwa kununua jipya sokoni kwa fedha ya matoleo, na washarika waambiwe sababu bila kumtaja aliyelileta. Na mkisikia kwenye nyumba mnayoihudumia kwamba mtu macho yamekuwa ya manjano, tumbo limevimba, anatapika, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo na mchukue kidogo cha mahindi anayokula.

Wachungaji, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya za Kibaigwa, nawaomba jambo moja mwaka huu: kabla debe la kwanza halijatoka, fungueni magunia yote, na lile ambalo msingethubutu kuwapikia watoto wenu msimpe mtoto wa mtu.