Msimbo wa Mgogoro Usipokelewe kwa Kuchoka

Kwa wiki sita sasa kijana mmoja amekuwa akinisumbua, na haki ya kunisumbua anayo. Sisi ni watu wanne tunaolea programu huria ndogo ya kukagua tahajia za Kiswahili, kazi tuifanyayo kwa kujitolea baada ya saa za ofisi. Kijana huyo ameiandika upya sehemu inayochambua vitenzi. Ukiandika “hawakupigiana”, programu yetu ya zamani hubabaika. Yake hutenga viambishi na mzizi bila taabu. Wenzangu wawili wanapinga katakata, wakisema hakuna auelewaye msimbo huo ila yeye mwenyewe.

“Mwalimu, unangoja nini?” aliniuliza juzi. Sikuwa na jibu.

Msimbo wa programu huria u wazi kwa kila mtu kuusoma na kuubadilisha. Hata hivyo, nyumba hii ina mlango na mlango una bawabu. Bawabu maarufu kuliko wote ni Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka wa 1991, kiini kinachoendesha simu za Android tunazozibeba mifukoni.

Mlangoni kwake yameonekana mengi. Kazi ya kuiwezesha Linux itimize amri kwa wakati usiokosewa, jambo la lazima kwa mitambo ya viwandani, ilingoja takriban miaka 20. Mnamo Septemba 2024, mjini Vienna, Thomas Gleixner alimkabidhi Torvalds ombi la mwisho likiwa limechapishwa na kufungwa katika karatasi ya rangi ya dhahabu. Ulikuwa utani wa watu waliochoka, nadhani. Lakini kungoja huko hakukuwa kwa bure: vipande vingi viliingizwa kimoja kimoja njiani, na kila kimoja kikawafaa hata wasiohitaji kazi yenyewe. Mwaka huohuo Torvalds alipokea pia sched_ext, inayomruhusu mtu kuandika kanuni zake za kugawa zamu za kazi katika kompyuta, ingawa mlezi wa sehemu hiyo alipinga waziwazi.

Kisa kinachoninyima usingizi ni cha bcachefs, mfumo wa kuhifadhi faili. Uliingia katika toleo la 6.7, Januari 2024, baada ya mabishano marefu. Wengi walidhani yamekwisha. La hasha! Mwandishi wake aliendelea kuleta mambo mapya katika majuma yaliyotengwa kwa kurekebisha makosa tu, akishikilia kwamba data za watumiaji haziwezi kungoja ratiba. Torvalds naye alishikilia kwamba ratiba ndiyo inayowalinda watumiaji wote. Katika toleo la 6.18, Novemba 2025, msimbo huo ulikuwa umekwisha kuondolewa. Waliouamini kwa diski zao walilazimika kuutafuta nje ya Linux. Nawahurumia hao kuliko wagombanao wote wawili.

Ndiposa sikubaliani na wanaodai kuwa ubora wa msimbo ndio kipimo pekee. Msimbo wa kijana wetu ni bora. Hilo hata wapinzani wake hawalikani. Swali langu ni nani atakayeamka usiku utakapoharibika, naye kijana ameshapata kazi nyingine na hapokei simu. Tena, je, tunaweza kuung'oa bila kubomoa nyumba? Wala sijifichi nyuma ya maswali hayo: wiki sita za kimya changu nazo zilikuwa uamuzi, na uamuzi wa uoga.

Basi jana jioni nilimpigia simu. Nilimwambia nitaupokea kwa masharti mawili: sehemu ya zamani ibaki kando, iweze kurudishwa mara moja, na mmoja wa wanaompinga aketi naye hadi aweze kurekebisha kosa bila msaada wake.

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama Jumamosi hii itatufaa.