Nyasi za porini kupamba uwanja wa nyumba

Mvua zinapoelekea kukatika, Aprili na Mei, nyasi huchanua kandokando ya barabara na kwenye mashamba yaliyopumzishwa mkoani Songwe. Ziko zenye masuke mepesi ya rangi ya waridi, na ziko zenye masuke mazito mekundu yanayoelekea kahawia. Tunazipita kila siku, kisha tunatoa pesa Tunduma kununua miche ya maua.

Zile za waridi zinapendeza, lakini mbegu zake zina manyoya. Upepo ukizibeba zinaota kwenye mahindi ya jirani, na hapo ugomvi unaanza. Sisi tungechagua zile nyekundu, ambazo wataalamu huziita Themeda triandra. Ni nyasi za asili za Afrika, huota kwa mashina yaliyojikusanya pamoja na hazitambai. Ukichimba ukakuta mizizi mirefu inayotambaa, umekosea nyasi, ziache.

Kupanda kwa mbegu kunahitaji subira, kwani nyingi hulala ardhini muda mrefu kabla ya kuota. Ni rahisi zaidi kugawa shina. Subiri mvua za Novemba au Desemba zikolee, chimba shina moja, kata majani yabaki kama shibiri moja, kisha ligawe kwa panga. Kila kipande kibaki na mizizi na machipukizi kadhaa. Panda siku hiyohiyo, ukiacha hatua moja kati ya kipande na kipande.

Mahali pazuri ni pale maji ya bati yanapotokea uwanjani. Uwanja unaofagiliwa kila siku hubaki mtupu, na mvua kubwa huondoka na udongo wake. Mstari wa nyasi hupunguza mbio za maji na mizizi hushika udongo.

Wengi hudhani kuzitunza ni kuziacha zikue tu. Nyasi hizi zisipokatwa kwa miaka kadhaa, majani makavu hufunika machipukizi, yanakosa mwanga na shina linakufa. Zikate kila mwaka masuke yakishakauka. Kukata mapema kiangazi kunasaidia pia dhidi ya moto, hasa kama jiko lako limeezekwa kwa nyasi. Usizipande karibu na mlango, maana nyoka hupenda kujificha humo.

Na mbuzi je? Watazila. Zungushia miiba mwaka wa kwanza, mpaka mizizi ishike.